Nane Moja ya Mwalimu Saba

Nianze na lisilo kweli, ili tulimalize. Mume wangu hakumnyima binti wa watu kazi ili mtoto wake mwenyewe aipate. Maneno hayo yamezunguka mtaani kwetu kwa miaka miwili sasa. Nimeyasikia bombani, nimeyasikia kwenye foleni ya zahanati, na siku ya mazishi yake niliyasikia nyuma ya kiti changu, kwa sauti ya mwanamke ambaye watoto wake watatu walifundishwa kujaza fomu za kazi kwenye meza yangu na kunywa chai yangu. "Mwalimu kaondoka na nafasi ya mtoto wa mwenzake," alisema. Sikugeuka. Niliunyoosha mgongo wangu, nikabaki hivyo mpaka watu walipotawanyika.

Sasa waliosoma chini yake wanatengeneza kitabu cha kumbukumbu cha shule, na wameniomba kurasa chache juu ya maisha yake. Barua yao ilikuwa ya heshima, ila mwishoni waliongeza kwamba niandike "mambo mazuri tu". Nitaandika yaliyokuwa. Nilifundisha historia miaka ishirini na tisa, na kumi na moja ya mwisho nilikuwa makamu wa mkuu wa shule. Sihitaji kuelekezwa namna ya kuandika habari za mtu.

Baba yake alikuwa mvuta mnyororo wa wapima ardhi. Wapima walitangulia na vyombo vyao vya miguu mitatu, naye alifuata akikokota mnyororo wa chuma juani, akiunyoosha, akisimama pale alipoambiwa asimame. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba mnyororo ukilegea upana wa kidole mwanzoni mwa shamba, mwisho wa shamba mtu amepoteza banda lake la kuku. Mume wangu alikua akiyasikia hayo kila jioni, baba yake akichua miguu. Naamini huko ndiko alikotoa tabia yake ya vipimo. Tulipooana alipima mlango wa chumba, akaenda dukani akapima kitanda, kisha akarudi kupima mlango tena. Seremala akamwambia, "Bwana, kitanda kitaingia. Asiyeingia hapa ni wewe na wasiwasi wako." Kitanda kiliingia, kwa nafasi ya vidole viwili kila upande, kama mume wangu alivyopima.

Alifundisha hesabu na fizikia miaka thelathini na minne, shule moja, maabara moja, koti moja jeupe ambalo nililibadilisha kola mara nne. Na katika miaka yote hiyo, kwenye kumi, alama yake ya juu ilikuwa saba. Mwanafunzi aliyepatia kila kitu, mstari kwa mstari, alipewa saba na neno "Vizuri" kwa kalamu nyekundu. Wazazi walilalamika. Wakuu wa shule watatu, mmoja baada ya mwingine, walilalamika. Mimi mwenyewe nilimuuliza tukiwa bado wachumba, akanijibu bila kucheka: "Kumi ni ya jibu lenyewe kabla mtu hajaligusa. Tisa ni ya kitabu. Nane ni yangu mimi, siku ambayo sijachoka. Mwanafunzi namwekea saba ili ajue bado kuna mahali pa kwenda."

Wanafunzi wakamwita Mwalimu Saba, kwanza kwa kunong'ona na baadaye waziwazi. Hakuchukia. Kila mwaka, waliopata saba kwake walifaulu mtihani wa mwisho kwa alama za juu kabisa, kwa hiyo mjadala ulikufa wenyewe. Ndani ya ukuta wa shule ile saba ya mume wangu ilikuwa taji, na kila mtu alilijua hilo, hata mpishi. Alikaa ndani ya ukuta ule kwa muda mrefu mno.

Alipostaafu alikaa nyumbani wiki sita akitengeneza vitasa ambavyo havikuwa vimeharibika. Wiki ya saba alikuja kijana aliyewahi kumfundisha, akaomba asomewe barua yake ya kutafuta kazi. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Kabla ya mwaka kwisha sebule yangu ilikuwa imejaa kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri: mabenchi mawili tuliyopewa na shule, meza yenye kitambaa cha plastiki, saa ya ukutani ambayo mume wangu aliiweka mbele dakika tano makusudi. Alisaidiwa na mstaafu mwenzake aliyefundisha jiografia, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, ambaye wanafunzi walimwita Ramani. Mimi nilirekebisha barua zao. Kazi hiyo niliifanya vizuri, maana nilipokuwa makamu nilisoma barua nyingi za wanaotaka kazi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Mume wangu hakuamini hotuba. Aliwatoa nje mmoja mmoja, akawaambia wabishe hodi na kuingia kama wanaoingia kwa mwajiri.

"Rudi nje," alimwambia kijana mmoja. "Umeingia kama mtu aliyekimbia mvua."

Kijana akatoka, akarudi polepole.

"Rudi tena. Sasa umeingia kama mdaiwa."

Ramani akadakia kutoka pembeni, "Mwache aketi, bwana! Miguu yote ataimaliza mlangoni, kazini ataenda na nini?"

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa jingine, nalo sijaliona kwa mwalimu yeyote. Kijana akisema nataka kuwa kitu fulani, fundi bomba, mpiga chapa, muuguzi, mume wangu alimtafutia mtu wa kazi hiyo na kumtuma akakae naye kutwa nzima. Akirudi aliulizwa swali moja: "Saa ya kwanza anafanya nini?" Hakuulizwa kuhusu mshahara wala cheo. Anapofika asubuhi, kabla ya lolote, mikono yake inashika nini? Wengi hawakujua. Walikuwa wamefika wakati saa ya kwanza imekwisha. Aliwarudisha tena, na tena, mpaka waijue. Alisema anayeijua saa ya kwanza ya kazi ameshaijua nusu ya kazi.

Ndipo akaja binti aliyeitwa Waya. Jina hilo alibandikwa na wenzake shuleni, kwa sababu tangu utoto mifuko yake ilijaa vipande vya waya na vijiskrubu. Mama yake ni fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke aliyenishonea nguo zote nilizovaa kazini. Waya alisoma kwa mume wangu miaka minne na kupata saba mara nyingi kuliko mtoto yeyote aliyepita mbele yake. Nalisema hilo kwa ushahidi. Daftari lake la alama ninalo. Alitaka kujifunza ufundi wa mashine za hospitali, na mume wangu akampeleka kwa fundi wa hospitali kuu.

Alirudi jioni ileile, viatu mkononi, akasimama mlangoni bila kuambiwa.

"Haya," mume wangu akasema. "Saa ya kwanza?"

"Hashiki kitu, Mwalimu."

"Hashiki kitu? Analala?"

"Anazunguka wodini. Anawauliza wauguzi, ni mashine ipi wanaiogopa leo. Hawaulizi ipi imeharibika. Anauliza ipi wanaiogopa. Halafu anasimama karibu nayo, anaisikiliza tu. Anasema wauguzi wanajua siku mbili kabla yake."

Mume wangu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Usiku huo wakati wa kula alirudia maneno hayo mara mbili. Mwanangu wa mwisho alikuwa mezani.

Sasa niseme juu ya huyo mwanangu, maana ndiye anayetajwa. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, amemaliza chuo cha ufundi, hana kazi, na anakaa kwetu. Ni kijana mwema. Hajawahi kutuaibisha. Miezi miwili baadaye hospitali ilipotangaza nafasi mbili za kujifunza ufundi wa mashine, miaka miwili kisha ajira ya kudumu, aliomba. Waya naye aliomba. Walioomba walikuwa zaidi ya arobaini. Hakuna aliyemzuia mwenzake, na walikwenda kupeleka karatasi zao siku moja, wakicheka njiani.

Kila mwombaji alipewa fomu ya siri ijazwe na mtu anayemfahamu, si mzazi wala ndugu, ambaye ataifunga kwenye bahasha na kuipeleka mwenyewe. Ya Waya aliichukua mume wangu. Ya mwanangu aliichukua Ramani. Ilikuwa na maswali kumi: uaminifu, kutunza muda, uwezo wa kujifunza kazi mpya, na mengine ya namna hiyo, na kila swali mtu apewe alama kwenye kumi.

Ramani aliijaza ya mwanangu kwenye meza yetu, huku anatafuna karanga. Aliweka kumi, kumi, kumi, na kwenye kutunza muda akaweka tisa.

"Huyu kijana namjua," akasema. "Tisa inamtosha, na hata hiyo nimemkopesha."

Mume wangu akamtazama. "Kumi mara tisa? Umempima kwa nini?"

"Kwa kalamu! Kwani namba zitaisha, bwana? Mimi wote nawapa kumi. Tangu nianze kufundisha sijaona mtoto aliyekufa kwa kumi."

Mume wangu alichukua ya kwake akaenda nayo chumbani. Alikaa na fomu ile ya ukurasa mmoja siku tatu. Aliijaza kwanza kwa penseli kwenye daftari lake la alama, kama alivyofanya kila mtihani, kisha akaihamisha kwa wino. Siku ya tatu alinifuata jikoni. Nilikuwa nachambua mchele. Alikuwa anatabasamu, na mume wangu hakuwa mtu wa kutabasamu mchana.

"Njoo uone," akaniambia. "Leo nimetoa nane."

Nilifuta mikono nikaitazama. Uaminifu, saba. Kutunza muda, saba. Saba, saba, saba hadi chini, isipokuwa kwenye uwezo wa kujifunza kazi mpya, ambapo palikuwa na nane moja, imeandikwa kwa uangalifu kama anayechora. Jumla sabini na moja.

"Uaminifu saba?" nikamuuliza.

"Nitajuaje zaidi ya hapo? Sijaishi moyoni mwake. Saba ndiyo niliyoiona." Akaigusa ile nane kwa kidole. "Miaka thelathini na minne, mama. Sikudhani nitaitoa kabla sijafa."

Nilimwambia bahasha ziko kwenye droo ya pili. Akaenda akaifunga, akavaa shati la mikono mirefu, akaipeleka hospitali kwa miguu.

Wiki tatu baadaye majina ya watakaohojiwa yalibandikwa. Mwanangu alikuwemo. Waya hakuwemo. Alikuja kwetu Jumamosi kama kawaida, akaketi mwisho wa benchi na jalada lake la karatasi mapajani, na alipoulizwa akasema, "Labda wamenisahau, Mwalimu." Mume wangu akasema hilo haliwezekani, kuna kosa limefanyika ofisini, Jumatatu atakwenda mwenyewe. Alilisema mbele ya watu wote. Ramani akatania kwamba hospitali inaogopa binti huyu atamaliza mashine zote mbovu na wao wakose kazi, vijana wakacheka, Waya naye akacheka kidogo.

Jumatatu alikwenda. Yaliyotokea huko aliniambia yeye, na alikuwa mtu asiyetia chumvi.

Karani alikuwa kijana mpole. Alilitafuta jalada, akalifungua kwa upande wake ili mume wangu asione, akatikisa kichwa.

"Mzee, huyu binti vyeti vyake vizuri. Vizuri sana. Lakini amemchagua mtu mbaya wa kumsemea."

"Mbaya vipi?"

"Hampendi. Sijui walikosana nini. Saba, saba, kila mahali. Hata uaminifu amempa saba, yaani anatwambia kwa adabu kwamba ni mwizi. Sisi chini ya themanini hatuiti, Mzee. Wenzake wote wana tisini na kitu."

 Mume wangu akasema kwamba aliyejaza fomu ile ni yeye.

Karani alilifunga jalada. Akasema, "Samahani, Mzee." Mume wangu alimweleza juu ya saba, miaka thelathini na minne, akamweleza ile nane. Aliniambia kwamba katikati ya maelezo alijisikia anavyosikika, akanyamaza. Aliuliza kama anaweza kuijaza upya. Karani akasema ingewezekana kabla ya orodha kubandikwa. Sasa orodha imeshatiwa sahihi.

Alirudi nyumbani saa saba mchana na hakula. Ramani alikuwepo, amekuja kusikia. Tuliketi watatu jikoni, mlango umefungwa.

"Nakwenda kwa mama yake sasa hivi," mume wangu akasema. "Nitamwambia yeye na binti, na Jumamosi nitawaambia wote."

"Na mimi nakwenda," Ramani akasema, na mara ile hakuwa anacheka. "Tuwaambie pamoja. Mimi nilimpa wako kumi bila kumpima, wewe ukampima wao mpaka ukamvunja. Kosa letu ni moja tu, bwana."

Hapo ndipo nilipozungumza mimi. Nayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, kwa sababu waliokaa vibarazani wanasema mume wangu alinyamaza kwa kuwa alikuwa na hatia. Nilisema: "Mtaenda kusema nini? Kwamba alama zilikuwa chache kwa bahati mbaya? Na mtoto wa nani yumo kwenye orodha? Nani atakayeamini? Mkitoka mlangoni kwa yule mama, habari itawafika watu kabla hamjafika kwenye kona. Watasema alimkata wa watu ili apite wa kwake, na watakuwa wamelisikia kutoka kinywani mwako mwenyewe."

"Lakini si kweli," mume wangu akasema.

"Najua si kweli. Ndiyo maana usilipeleke kwa watu wasiolijua."

"Shemeji," Ramani akaniambia, "yule ni mtoto. Atakaa anafikiri hafai."

"Ana miaka ishirini na mbili, si mtoto. Nafasi nyingine zitatoka mwakani, ataandikiwa vizuri. Hili likae ndani ya nyumba hii."

 Katika maisha yetu mambo ya vipimo yalikuwa ya mume wangu, na mambo ya watu yalikuwa yangu. Ndivyo tulivyogawana tangu mwanzo, na siku zote tulipona. Aliinamisha kichwa. Ramani akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni alisema, "Haya, Shemeji," basi, na Jumamosi ile hakuja, wala nyingine zilizofuata.

Mwanangu alihojiwa, akapata nafasi. Mwaka uliofuata nafasi hazikutangazwa. Wala mwaka huu.

Na maneno niliyoyazuia yakatoka vilevile. Sijui kwa mlango gani. Labda karani alikuwa na dada mtaani, labda mtu alijumlisha mwenyewe, kwa kuwa hesabu haikuwa ngumu: Mwalimu alijaza fomu ya Waya, Waya akaachwa, mtoto wa Mwalimu akachukuliwa. Wiki ya kwanza benchi moja lilibaki wazi. Baada ya mwezi walikuja wawili tu, nao waliketi karibu na mlango. Siku moja nilimsikia mmoja akimuuliza mume wangu, kwa sauti ya utani lakini macho hayakutania, "Mwalimu, na mimi utanipa saba?" Mume wangu alijibu, "Nitakupa utakachotaka." Jibu hilo lilinichoma kuliko umbea wote. Kijana yule naye hakurudi.

Mama yake Waya hakutugombeza. Ingekuwa afadhali. Alinirudishia kitambaa cha gauni nilichompa kushona, kimekunjwa vizuri, na ujumbe kwamba macho siku hizi hayamruhusu. Siku iyo hiyo nilimwona kwenye cherehani yake anashona sare za kwaya.

Kila Jumamosi mume wangu aliendelea kufungua mlango wa sebule saa tatu kamili. Aliketi mezani, kalamu tatu zimepangwa, saa ikimtangulia dakika tano. Adhuhuri aliufunga. Nilimwambia aache, akaniambia, "Pengine mtu atapita." Aliwahi kuniomba mara moja tu, miezi minne hivi baadaye, tukiwa tumekaa hivyo, mabenchi matupu mbele yetu.

"Mama, niruhusu nikamwambie."

"Sasa ndiyo itaonekana tumetunga," nikamjibu. "Acha lipoe."

Hakuomba tena. Alikufa miezi kumi na moja baada ya siku ile ya karani, asubuhi ya Jumanne, ameinama kufunga kamba ya kiatu. Daktari alisema moyo. Mwanangu alisimama kaburini amevaa koti lake la hospitali, ametoka kazini moja kwa moja, na niliona jinsi watu walivyolitazama koti lile. Jioni aliniuliza, "Mama, ni kweli?" Nikamwambia si kweli. Akauliza, "Basi kweli ni ipi?" Nikamwambia apumzike. Siku hizi anakaa kwenye nyumba za wafanyakazi, na anakuja Jumapili kwa saa moja.

Siku arobaini na mbili baada ya mazishi, alasiri, nilisikia hodi. Mara tatu, polepole, kama mume wangu alivyowafundisha. Nikajua ni aliyepitia kwenye mabenchi yale. Alikuwa Waya.

Amekonda. Anatengeneza pasi na feni kwenye kibanda cha mjomba wake karibu na stendi. Mikono yake ina alama za kuungua. Sikumwalika chumba cha ndani. Tulikaa sebuleni, yeye mwisho wa benchi, mahali pake.

"Pole, Mama," akasema. "Sikuja msibani. Niliogopa watu wangenitazama mimi badala ya Mwalimu."

"Ulifanya vyema."

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja, nikijibiwa naondoka. Aliniandikia nini?"

Ningeweza kumwambia fomu ilikuwa ya siri. Nilikwenda chumbani nikaleta daftari. Nilimfungulia kwanza miaka ya nyuma, nikamwacha afunue mwenyewe: majina, safu za namba, nne, tano, sita, saba. Alifunua kurasa nyingi. Alikuta jina lake akiwa kidato cha pili, saba, kidato cha tatu, saba. Nikamwambia, "Tafuta nane." Alitafuta. Aliteremka na kidole mwaka baada ya mwaka na hakuiona, kwa sababu haimo. Kisha nikamfungulia ukurasa wa mwisho wenye penseli, jina lake juu, maswali kumi, na ile nane. Nikamweleza juu ya themanini, na karani, na siku ile Mwalimu alivyorudi bila kula.

Hakulia. Aliweka kidole juu ya nane akakiacha hapo.

"Kwa hiyo hii ndiyo pekee."

"Ndiyo pekee. Hakuwahi kumpa mwingine, wala mwanangu hakuwahi kupata hata saba kwake. Sita na nusu."

Alicheka kidogo, kwa pua, kama alivyokuwa akicheka zamani. Kisha uso ukamrudi.

"Mama, mimi nimekaa mwaka mzima nikijiuliza nilimkosea nini. Nilikuwa nikimwona barabarani napita upande wa pili. Si angeniambia tu? Mimi namjua. Ningejua maana ya saba yake. Mtaa mzima usingejua, lakini mimi ningejua."

"Alitaka kukuambia. Mimi nilimkataza."

Niliyasema hayo nikimtazama machoni, na ninayaandika hapa ili yasibaki kwake peke yake. Ukimya ule ulikuwa wangu. Mume wangu aliubeba kwa kuwa mimi nilimpa. Wanaotaka kumsema mtu kwa kunyamaza wanajua sasa mlango wa kuja kubisha.

Waya alifunga daftari. Alilisukuma polepole mezani mpaka likanifikia. Halafu aliniangalia kwa namna ambayo, nadhani, anaiangalia pasi iliyokataa kupata moto, kama mtu anayejua kwamba waya uliokatika hauko pale alipoanza kutafuta.

"Hiyo fomu," akasema, "kabla hajaifunga. Wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Na wewe ulikuwa makamu wa mkuu. Fomu za namna hii zilikuwa zinakuja kwako, unawachagua walimu. Ulikuwa unajua saba inasomekaje huko nje."

Aliuliza. Nilimjibu, kwa sentensi moja, na jibu hilo analo yeye. Alinishukuru, akasimama, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake bila kuupiga.

Hayo ndiyo maisha ya mume wangu. Alipima kwa haki, kwa kipimo alichokiamini, na mkono wake haukumpendelea mtoto wake wala mtu yeyote. Andikeni hivyo kwenye kitabu chenu. Kuhusu nilichomjibu binti yule, asiniulize mwanangu, asiniulize Ramani, wala asije mtu na hodi za Jumamosi. Sisemi zaidi.